Wendell na Gereji

Hapa Buffalo, Marekani, hatuchezi na mikosi ya mpira wetu, ule wa kurushwa kwa mikono, na mkosi wa nyumba yetu ni Wendell, mume wa dada yangu, fundi bomba mstaafu. Miaka tisa iliyopita alitoka katikati ya mechi kuzoa theluji mlangoni, timu yetu ikashinda. Tangu siku hiyo, mechi ikikaza, anafukuzwa sebuleni akakae kwenye gereji ya nyumba, asiione.

Jumapili hii tulihitaji ushindi ili tuingie kwenye mtoano. Kutwa tulibishana kuhusu mrusha mpira wetu.

"Huyu dogo ana mkono wa uji," nikasema. "Wamrudishe yule mzee."

"Yule anayeangushwa na upepo?" akafoka dada yangu Darlene, vidole vimejaa pilipili ya mabawa ya kuku. Kisha akageuka. "Wendell, zimebaki dakika mbili. Toka."

"Goti linauma, Darlene."

"Litauma zaidi tukifungwa."

Akachukua koti, akatoka.

Sekunde za mwisho dogo akarusha mpira mrefu, ukadakwa ng'ambo ya mstari wa mwisho, pointi za ushindi. Sebule ikalipuka. Mimi nikamwona Wendell nje ya dirisha, theluji kwenye kofia, macho kwenye televisheni. Alikuwa ameona kila kitu, na bado tumeshinda.

Akaingia akiburuta miguu.

"Vipi, tumeshinda?" akauliza.

"Kwa sababu yako!" akasema Darlene. "Wiki ijayo ni mtoano, uvae soksi nzito."

Nikafungua mdomo niseme nilichokiona dirishani. Wendell akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu.

"Nitavaa," akamwambia mkewe. "Bila mimi mngefika wapi?"