Yai la Mbwa

Kila tunapokutana kama familia, shangazi yangu, dada wa baba, ana hadithi yake moja. Anangoja watu washibe kidogo, anajifuta midomo, ananinyooshea kidole mimi, halafu anasema, "Munaona mama ya huyu? Wakati wa vita alilishaka imbwa yai, na mutoto wake amevimba miguu na bwaki." Kisha anachukua kipande kingine cha samaki. Watu wanamgeukia mama yangu. Mama anaendelea kugawa wali.

Asiyeijua bwaki aseme asante na asikilize. Inampata mtoto anayekula bugali mtupu, bila nyama, bila samaki, bila maharage. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi ya majani makavu, mtoto anaacha kucheza, mwishowe anaacha hata kulia. Mdogo wangu wa kike alifika huko.

Naandika nikiwa nimekasirika, na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba Shangazi hasemi uongo. Mbwa alikula yai. Yai lilikuwa moja tu. Mtoto alikuwa na bwaki. Yote ni kweli. Ila kuna jambo tulilolijua watu wawili tu, mama na mimi, na mama alilinyamazia tangu mimi ni mtoto mpaka nimekuwa na watoto wangu wawili.

Siku hizo tulikaa hapa hapa Alunguli, mtaa wetu wa Kindu. Baba alikuwa amekwenda Pangi kuchimba madini, na barabara ikafungwa nyuma yake. Treni ikakoma kufika. Mitumbwi iliyokuwa ikileta samaki kutoka Lokandu ikakoma. Wenye silaha waliukalia mji, wenye silaha wengine wakauzunguka, na sisi tukabaki katikati na mihogo yetu. Na hata hiyo mihogo ilikuwa ya karibu na nyumba tu, maana mwanamke aliyekwenda shamba la mbali hakujua atarudi vipi. Tulikula bugali na sombe, majani ya mihogo, bila mafuta, kesho yake sombe na bugali. Tumbo linajaa, kweli. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na tumbo likiwa limejaa hivyo hivyo akaanza kuvimba miguu.

Baba alituachia mbwa. Mbwa wa kwetu, wale wa rangi ya udongo, mkia umejikunja, wasiobweka. Ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni wasipotee majanini. Nyuma ya nyumba zetu, viwanja ambavyo watu waliogopa kuvilima vilikuwa vimeota majani marefu kuliko mtu, na ndani yake simbiliki, wale panya wakubwa wanono, walikuwa wanazaana bila wasiwasi. Vita viliwapendeza simbiliki. Mama hakuwa mwindaji, na kwao mwanamke haendi kuwinda na mbwa. Alikwenda. Aliiziba kengele kwa majani makavu ya mgomba ili wenye silaha wasiisikie, akashika panga, akaingia. Kwa kuwa kengele ilikuwa bubu, alimfuata mbwa kwa kuangalia majani yanavyotikisika. Mimi nilibaki na mdogo wangu mgongoni, nikiangalia majani hayo hayo.

Mara ya kwanza walirudi na simbiliki wawili. Mara ya pili mmoja. Halafu mbwa akaanza kuchoka, maana alikuwa anakula maganda ya mihogo na upepo. Mama aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Alimwambia Shangazi, aliyekuwa anakaa kwetu, "Hii imbwa ikikufa, mutoto anaifuata nyuma." Kesho yake akaanza kumpikia mbwa.

"Unapikia imbwa?" Shangazi alimwuliza. "Weye iko na akili kweli?"

"Napikia miguu yake. Weye unaweza kukimbiza simbiliki? Kimbia basi, na weye nitakupikia."

Nimesoma mpaka nikapata diploma ya sekondari, nimefundishwa protini na vitamini ubaoni kwa chaki. Mama hakumaliza shule ya msingi, na alichokuwa akitia ndani ya mkebe wa mbwa, ule wa mafuta uliotoboka ukingoni, mwalimu wangu hakuwahi kukijua. Pumba za mpunga, zile ambazo wanawake waliokuwa bado na mpunga walizimwaga baada ya kutwanga. Alizichekecha kwa kitambaa mpaka zikabaki laini, bila maganda yanayochoma koo. Lenga-lenga, mchicha wetu, zilizojiotea kando ya choo. Tone la mawese tukipata ngazi, yale matunda ya mchikichi, mbili tatu za kukamua. Na vichwa vya samaki. Wenye silaha walikuwa wanakula samaki na kutupa vichwa, na mama alikwenda kuviokota kwenye takataka nyuma ya jiko lao, akiinama mbele ya vijana waliomcheka. Alivikausha juu ya moto, akavitwanga na mifupa yake mpaka vikawa unga, maana mfupa mzima unatoboa utumbo wa mbwa, lakini uliotwangwa unakuwa chakula. Chumvi hakutia. Chumvi kidogo tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto.

Tena kila siku kijiko cha kwanza cha unga ule kilikwenda kwenye uji wa mdogo wangu. Hilo Shangazi halisemi kamwe! Lakini vichwa vilikuwa vichache. Kijiko cha unga kilimpa mtoto kijiko tu. Kijiko kile kile kwa mbwa mwenye nguvu kilileta simbiliki mzima. Hiyo hesabu mama aliifanya akiwa na njaa, akiwa na mtoto anayevimba mikononi mwake. Mimi sijui kama ningeiweza. Ningempa mtoto vyote, ningelia, na ningezika.

Hata wakati wa kumlisha alijifunza mwenyewe. Asubuhi mbwa alipata vidole viwili vya uji mwepesi, basi, kwa sababu mwenye tumbo zito hakimbii. Mkebe wenyewe aliupata baada ya kurudi kutoka majanini, ameshapumzika, ameshakunywa maji.

Sasa naja kwenye jambo langu.

Ilifika wiki ambayo mama na mbwa walirudi mikono mitupu mara mbili. Mdogo wangu alikuwa ameacha kucheza. Nilikuwa kando ya njia, pale alipoketi mzee mmoja jirani akitengeneza baiskeli, na nikamsikia akimwambia mwenzake, "Imbwa ya kuwinda munaipatia pilipili. Njo inakuwa mukali." Hapa Kindu jambo hilo kila mtu analijua. Muulize mlinzi yeyote hata leo, atakuambia pilipili inampa mbwa moyo. Nilikuwa mtoto, sikuwa hata nimeanza shule, na nilitaka mdogo wangu apone. Nikachuma pilipili zile ndogo, konzi nzima, nikazitwanga, nikazikoroga ndani ya mkebe mama alipokwenda kuchota maji.

Mbwa alikuwa na njaa, akameza bila kuonja. Halafu akaanza kusugua pua chini, anasugua, anazunguka, mate yanamtoka kama kamba. Akatapika chakula chote. Akahara damu. Akajikokota mpaka chini ya paa la jiko akalala huko, macho yamefumba. Hakuweza kunusa, hakuweza kusimama.

Mama aliporudi aliunusa mkebe. Akaniangalia. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa sababu nilikuwa nimeyafikicha kwa mikono ile ile.

"Ni weye?"

"Ni miye. Nilitaka ikuwe mukali."

Nilingoja kofi. Mama alichuchumaa mbele yangu, akanawisha mikono yangu kwa majivu, kidole kimoja kimoja. "Usiambie mutu," akasema. "Shangazi yako akijua, na mutoto akikufa, watasema ni weye uliua ndugu yako. Utabeba ile maneno mpaka unazeeka. Nyamaza. Nitaibeba miye."

Tulikuwa na kuku mmoja, na kuku huyo alikuwa ametaga yai moja ambalo mama alikuwa amelifunga ndani ya kitambaa kwa ajili ya mdogo wangu. Alilitoa. Alichemsha konzi ya mchele aliyoiomba kwa jirani mpaka maji yakawa mazito meupe, akayaacha yapoe, akapigia yai ndani, akapasha tena kidogo. Akakaa kwenye vumbi, kichwa cha mbwa mapajani, akamlambisha kwa kidole. Anangoja ameze. Tena kidole. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka hatua tatu kutoka pale.

Ndipo Shangazi akafika kutoka mtoni na ndoo kichwani.

"Yai? Unapa imbwa yai?"

Mama akachovya kidole tena. Shangazi akashusha ndoo, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Munaona mwanamuke wa kaka yangu! Mutoto yake anakufa, yeye analisha imbwa!" Mama angeweza kusema maneno manne tu: mtoto mkubwa alitia pilipili. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeuma kidole changu, pilipili bado inachoma ulimi. Mama alimlambisha mbwa mpaka bakuli likaisha.

Siku mbili ilikuwa maji ya mchele. Siku ya tatu akatia pumba laini kidogo. Siku ya nne akatia unga wa vichwa, na mbwa akasimama, miguu ikitetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa jana. Mama hakuharakisha, ingawa mtoto alikuwa ameacha hata kulia. Alingoja mpaka mbwa mwenyewe akaenda kusimama kwenye ukingo wa majani, pua juu. Ndipo akachukua panga.

Majani yalitikisika upande huu, yakatulia. Yakatikisika mbali. Yakatulia kwa muda mrefu mno. Nilimshika mdogo wangu nikaona jinsi alivyo mwepesi juu na mzito miguuni. Halafu nikamwona mama anatoka, kitambaa cha kichwa kimedondoka, damu mpaka kwenye kiwiko, amemshika simbiliki jike kwa miguu ya nyuma. Ini alilisaga kwa kijiko akampa mdogo wangu kwanza. Mchuzi ukawa wake kwa siku mbili. Matumbo na damu vikaingia kwenye mkebe wa mbwa pamoja na pumba. Nyama nyingine tulikula sisi, na Shangazi alikula pamoja nasi.

Baada ya hapo walikwenda tena na tena. Asubuhi moja mdogo wangu aliamka akalia kwa hasira, akitaka kula. Sauti kamili, ya kuudhi. Mama alikaa chini palepale mlangoni, akacheka mpaka machozi. Nywele nyeusi zikaanza kuota chini ya zile za rangi ya majani.

Leo mimi ninafuga mbwa jike, ananyonyesha watoto wanne, na ninampikia. Wauzaji wa samaki sokoni kule Kasuku, ng'ambo ya mto, wameshanizoea. "Mama, hivi vichwa ni vya watoto?" "Vya imbwa." "Eh! Imbwa ya nani, ya gavana?" Wacheke. Wananipa vichwa, na wauza nyama makopo ya damu ambayo yangetupwa. Ninapika kama mama: mchele uliovunjika na pumba, lenga-lenga, unga wa vichwa, mawese kijiko, yai kuku wakitaga vizuri. Vitunguu hapana, chumvi hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Mihogo ikiwa imelowekwa vizuri tu. Mbwa ana manyoya yanayong'aa kama viatu vya padri. Mume wangu, mtu aliyefika chuo kikuu, alikuja siku moja na kifuko cha pilipili ili mbwa awe mkali. Nilimwambia, "Nitatia ndani ya sahani yako, halafu twende tuone ni mwizi gani utakamata." Hajarudia.

Jumapili iliyopita tulikusanyika kwangu, tunamshukuru Mungu kwa mtoto wangu wa pili. Wali, sombe, samaki wa mto. Mdogo wangu alikuwepo, mwanamke mzima mwenye mikono minene. Shangazi akajifuta midomo. "Munaona mama ya huyu…"

Nikasimama. Mtoto alikuwa kwenye ziwa langu, nikasimama naye.

"Shangazi, ile imbwa ni miye niliitia pilipili. Njo sababu ilitaka kufa. Mama aliipatia yai ili isimame, iwinde, mutoto akule. Na alinyamaza ili musiniite muuaji. Sasa muniite. Miye njo huyu."

Mama aliweka mwiko chini.

"Nilikuambia ukae kimya," akasema.

"Nimekaa kimya ya kutosha, Mama."

Shangazi alinitazama, akamtazama mama. Ni mwanamke asiyeshindwa kirahisi. "Bon, haya," akasema. "Na kama imbwa ingekufa na yai ndani ya tumbo, je?"

"Ningeipika," mama akasema.

"Kwenu hamukulake imbwa."

"Ningeipika na yai yake ndani. Na weye ungekula, na ungeomba kichwa, vile uliombaka kichwa ya simbiliki."

Mdogo wangu ndiye aliyecheka kwanza, kwa ile sauti yake inayofika mpaka kwa majirani, halafu wote. Shangazi hakucheka, wala hakuomba msamaha. Aliitazama mikono ya mama. Kisha akajivuta kwenye mkeka, akaacha nafasi pembeni yake, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kuja ukae," akamwambia mama. "Wali watagawa hawa watoto."