Kapteni Niliyempandisha Cheo Mimi

Bahari ilifika kwetu Qurus, Karatu, ikiwa ndani ya bahasha, na ilinuka dizeli. Sijui kama barua zote za jeshi la majini zilinuka hivyo au baba mdogo Bura aliiweka yake karibu na injini. Nilipoifungua mbele ya babu, harufu ilijaa chumba kana kwamba trekta limepita katikati yetu, na bibi akasogeza ugoro wake mbali usije ukaharibika. Vita vya Amin vilikuwa vimeisha majuzi tu. Ilikuwa masika, udongo mwekundu ukinata miguuni hadi mtu anatembea amevaa viatu ambavyo hakununua. Mimi nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na ndimi niliyekuwa msomaji pekee nyumbani kwa babu Lohay. Mwaka uliofuata niliacha shule, kwa hiyo kilele cha usomi wangu kilikuwa barua ile. Nayo niliiharibu.

Siku hizo barua haikusomwa kimya kama mtu anayekula nyama peke yake. Ilisomwa kwa majirani wote, na jirani aliyekaa mbele kabisa alikuwa Mzee Sulle, mwenye shamba kubwa la ngano na binti mmoja, Paskalina. Baba mdogo alimtaka Paskalina tangu kabla hajaenda jeshini. Mzee Sulle alimjibu wazi: binti haendi kwa mtu wa hivi hivi, nenda kwanza, ukirudi na cheo tutaongea. Kwa hiyo kila mtu aliyekaa pale alijua tunasubiri nini. Na Paskalina alikuwa nyuma ya mlango, kidole kimoja cha mguu kikionekana.

Nikasoma. Baba mdogo aliandika kwamba jeshi letu la majini bado ni changa, kama ndama anayejifunza kusimama. Mwanzoni walikuwa na boti chache tu za doria, kisha Wachina wakaja kufundisha vijana, wakaleta boti za chuma zenye mizinga, na nyingine za kurusha torpedo. Hapo nikasimamishwa. Torpedo ni nini? Nikawaambia ni bomu linaloogelea kama mamba, na mpaka leo naona nilijibu vizuri. Babu yeye alikwama kwenye chuma. "Chuma hiki hiki cha jembe? Kikae juu ya maji?" Bibi akachukua karai, akaliweka juu ya maji ya pipa, likaelea. "Ukiona vyaelea vimeundwa," akasema, "sasa mwache mtoto asome." Lakini babu hakutosheka. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Eyasi, kule Mang'ola, na kiangazi alikuwa amelivuka kwa miguu na mbuzi zake. Akauliza, kwa huruma ya kweli, bahari ikikauka boti zinakaa wapi, na kama serikali imeandaa punda wa kuzivuta.

Ndipo picha ikadondoka. Baba mdogo amesimama kwenye boti, mzinga pembeni yake, naye amevaa nguo nyeupe tupu kuanzia kofia hadi suruali. Msomaji, lazima uelewe Karatu. Vumbi letu ni jekundu, matope yetu ni mekundu, hata kuku mweupe kwetu anageuka rangi ya matofali. Nyeupe ilivaliwa na watu watatu tu: padri, daktari, na mlowezi aliyekuwa na mashamba ya kahawa kabla hajaondoka. Mtu wa kuvaa nyeupe ni mtu mwenye watu wa kumfulia. Picha ikazunguka mikononi, na ilipomfikia Mzee Sulle aliishika kwa ncha za vidole kama yai. "Huyu ni mkubwa wao," akasema. Babu akavimba. Akanigeukia: "Barua inasemaje? Ni kapteni?"

Mstari uliokuwa chini ya kidole changu ulisema: Kazi niliyopangiwa ni jikoni. Nauona hata sasa, kwa wino wa bluu. Kwetu mwanaume hakushika mwiko. Aliyeushika alichekwa hadi kaburini, na watoto wake wakarithi kicheko. Mimi nilikuwa na miaka tisa na kiburi cha mtu wa hamsini. "Ndiyo, babu," nikasema, "ni kapteni," nikahamia mstari wa chini unaosalimia ng'ombe. Jioni ile ile Mzee Sulle alipokea pombe ya asali kwa babu, na posa ikawa posa.

Baba mdogo alikuja likizo wakati wa mavuno, ukungu ukiwa mzito hadi unamsikia mtu kabla hujamwona. Alishuka kwenye lori la vitunguu akiwa na begi moja, na watu wakampokea kwa vigelegele. "Kapteni! Kapteni karudi!" Alitazama nyuma kuona ni nani mwingine ameshuka. Alipoelewa, alinivuta nyuma ya zizi.

"Wewe ndiye uliyesoma barua yangu?"

"Mimi, baba mdogo."

"Uliisoma yote?"

"Karibu yote."

Alikaa chini kwenye majani yenye umande, suruali nzuri ikalowa. Alitaka kwenda kusema kweli saa ile ile. Lakini Paskalina akapita njiani na ndoo kichwani, akamwangalia mara moja tu, na ukweli ukasogezwa hadi kesho. Kesho nayo ikaombwa hadi keshokutwa. Wiki mbili nzima aliitikia ukapteni. Vijana walimfuata wakiuliza amezamisha meli ngapi za adui. Wachungaji wa Kimasai waliokuwa wakishuka na mifugo kutoka Ngorongoro walisimama kumtazama, na mmoja akamuuliza kama huko baharini ng'ombe wanapewa chumvi au wanakunywa tu. Alijibu kila swali kwa maneno machache, akitoka jasho kwenye baridi ya Julai. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi, nikimfuata kila mahali nikiwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Kisha ikaja siku ya kuvuna ngano kwa Mzee Sulle. Kwetu ukiita majirani kuvuna, unawalisha mpaka washibe. Wakirudi na njaa, jina lako linabaki na njaa hiyo miaka. Watu arobaini walishika miundu, baba mdogo kati yao. Makande yalikuwa kwenye nusu pipa, na msimamizi wa moto alikuwa Paskalina. Sasa mwambie msichana akae na moto wakati mchumba wake anavuna umbali wa kurusha jiwe! Alienda kuchungulia kidogo. Akachungulia sana. Upepo ukageuka, na harufu ya maharage yanayoungua ikatupita wote kama habari ya msiba. Mzee Sulle alisimama katikati ya ngano, uso umempauka. Watu arobaini, na chakula hakuna.

Nilimwona baba mdogo ananyanyua pua. Halafu akatupa mundu. "Asikoroge mtu!" Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu. Mama yake Paskalina, aliyekuwa tayari ameshika mwiko mkubwa, aliganda. Baba mdogo alifika mbio, akatoa kuni, akaamuru vijana walisogeze pipa likae kwenye matope ya baridi. "Wewe, masufuria! Wewe, maji ya moto! Wewe, usilie, leta chumvi!" Huyo wa kulia alikuwa Paskalina. Akachota makande ya juu bila kugusa ya chini, taratibu, kama mtu anayeiba yai kuku akiwa amelala juu yake. Akakata vitunguu bila kutazama kisu, macho kwenye moto, kisu kikilia ta-ta-ta-ta kama mvua ya mawe kwenye bati. Akavikaanga kwa mafuta ya ng'ombe, akamwaga maziwa, akaonja, akatema, akaonja tena. Halafu akawapanga watu wazima foleni, na Mzee Sulle naye akajikuta kwenye foleni, sahani mkononi.

Tulikula. Hakuna aliyeonja kuungua. Mzee Sulle alikula sahani ya kwanza, ya pili, na akiwa ameshika ya tatu akauliza polepole, "Kapteni, na hili nalo mnafundishwa?"

Angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Nilimwombea aseme ndiyo. Alifuta mikono kwenye suruali. "Mzee wangu, hili ndilo pekee nililofundishwa. Mimi ni mpishi. Zile nguo nyeupe ni za jikoni."

Babu akatoa barua mfukoni mwa koti, maana alitembea nayo, akanipa. "Soma. Yote." Nikasoma, na mstari ule ulipotoka mdomoni mwangu mwanaume mmoja akadondosha kijiko.

"Mstari huo siku ile ulikuwa wapi?" akauliza Mzee Sulle.

"Ulikuwepo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mstari wa chini yake, mzee."

Babu alitafuta fimbo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imezibwa na miti miwili na watu arobaini. Baba mdogo akasimama mbele yangu. "Baba, usimpige. Yeye alidanganya siku moja, mimi nimeitikia wiki mbili." Mzee Sulle akasema anasikitika, lakini binti yake hatakwenda kwa mwanaume wa jikoni. Hapo Paskalina akaacha kulia kwa adabu, akalia kweli.

Mama yake alikuwa amekaa, mwiko magotini. Akasema, "Mume wangu, hiyo ni sahani ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Binti yako unamfahamu. Leo ameunguza makande. Juzi aliunguza uji. Krismasi aliunguza chai."

"Chai nayo, mama, si ungeiacha," Paskalina akanong'ona.

"Chai! Mungu amemchukua mwanaume kutoka hapa hapa, amempeleka baharini, Wachina wamemfundisha, amerudishwa anajua kupika, na wewe unamfukuza? Huyu binti yako utampa nani? Mtu asiyekula?"

Mzee Sulle alimaliza kwanza sahani yake. Halafu akatoa sharti moja: siku ya harusi bwana harusi asisogelee jiko. Walimkuta amevaa suti, mfuniko mkononi, anaonja pilau. Mimi adhabu yangu ilikuwa kumchotea maji mama yake Paskalina hadi mavuno yaishe, na niliona ni nafuu.

Baba mdogo aliwapikia wanamaji hadi alipostaafu, na zile boti za Wachina zilizeeka pamoja naye. Hajawahi kupigana na mtu. Anachojivunia ni kwamba hakuna askari aliyeshuka botini na njaa. Mama mdogo Paskalina hajajifunza kupika hata leo, na amenenepa vizuri.

Siku hizi Karatu ni mji wa watalii, lami imefika, na maneno yamegeuka. Mwaka jana walikuja watu kumposa binti yangu. Mshenga wao akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba kijana wao ni mpishi wa hoteli kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mpishi! Wazee wetu wakajinyoosha kwenye viti kana kwamba mkuu wa mkoa ameingia. Mmoja akauliza kama anavaa ile kofia ndefu. Anavaa, bila shaka. Vigelegele. Mama mdogo, pembeni yangu, akanifinya paja hadi nikaona nyota. Halafu, kwa adabu tu, mtu akauliza habari za kaka wa kijana huyo. Mshenga akasema kaka yake yuko jeshi la majini, ni nahodha wa meli ya doria.

"Aa," mzee akasema, "si mbaya." Kisha akageuka kuuliza kama yule mpishi anajua na keki.