Maige Aliyekataa Kusema Jiwe Halisogei

Maige wa Kimali ni mbishi tangu tumboni. Mama yake alimbeba miezi kumi na mmoja; mkunga akimwambia toka, yeye anauliza kwa nini. Usiniulize nimejuaje. Nilikuwepo, nimeshika beseni.

Kazi yake ni kubeba masanduku ya mawe kwa watu wa utafiti. Siku moja mtaalamu wao, Madamu Joyceline, alimwonyesha jiwe lenye punje za kijani, zimelala zote upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Akamwambia limetoka chini kupita kisima chochote, limepandishwa na mlima wa moto wa zamani. Huko chini mwamba ni mgumu, haujayeyuka, ila kwa joto na uzito ulioulalia unapindika na kusogea polepole, kama kucha inavyoota.

Angeyameza hayo, tungepumua. Yeye akaenda kuyatapika msibani Shishiyu, mbele ya baba mkwe wake, mzee Mboje.

"Mawe yanatembea? Kumbe binti yangu nimemwoza kichaa!"

Siku ileile akamzuia binti yake, Milembe, kwake. Sharti likawa moja: Maige aje aseme mbele ya wazee kwamba jiwe halisogei, ndipo apewe mkewe.

Akaja. Nami nikaja, nani angekosa?

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Haya, sema."

"Linasogea."

Milembe akajishika kichwa. "We mwanaume! Sema halisogei twende nyumbani. Jiwe litakushtaki?"

"Nilisingizie jiwe, mke wangu?"

Akaomba michembe, vile viazi tunavyokata na kuanika mpaka panya anawaachia wenyewe. Akakunja kimoja mkononi. Pah! Kipande kikamrukia mzee mmoja, Machibya, kwenye paji la uso.

"Hilo ndilo jiwe la huku juu," akasema Maige. "Sasa tulipatie joto na uzito."

Lakini chungu ni cha mama mkwe, Lukresia, na mkwe hamsogelei mama mkwe wake. Basi Maige akachuchumaa nyuma ya zizi akipiga kelele, mimi katikati nafikisha maneno, nayatia chumvi kidogo.

"Mwambie mama maji yawe kidogo, tusipike uji!"

"Anasema hujui kupika," nikamwambia Lukresia.

"Mwambie nilianza kupika michembe babake hajaota ndevu!"

"Mfuniko uwe mdogo, uzame ndani, na juu yake aweke jiwe la kusagia!" Maige akapaza tena. "Na asiwe na haraka!"

Tukangoja mpaka ng'ombe wakarudi. Nilipofunua, vipande vilikuwa bado vipande, vimebanana, vimelala upande mmoja vyote. Lukresia akachukua kimoja, akakikunja ncha kwa ncha.

"Hakijavunjika," akasema mlangoni pa jiko. "Wala hakijayeyuka."

Mboje ana meno matatu. Michembe aliacha kuitafuna tangu Bariadi ikiwa bado pori. Akaonja kimoja, eti anakagua. Cha pili, ushahidi. Cha saba hakutoa sababu.

"Milembe, fungasha," akasema mdomo umejaa. "Na wewe mkwe, sikiliza. Mawe yasogee huko kwenu Kimali. Hapa kwangu yakae yalipo."

"Hata hapa yanasogea, ba..."

Milembe akamziba mdomo kwa kiganja, akamkokota hivyohivyo mpaka barabarani.