Kura Yangu Ilikuwa Chooni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda sokoni mara mbili kwa wiki, mume wangu huuliza kama nimewaaga majirani. Hata kadi ya chama niliipata kwa sababu waandikishaji walipita mlangoni kwangu. Wangekaa mbali, ningekuwa sina chama hadi leo.

Mwaka huo tawi letu, nje kidogo ya Geita, liligawanyika. Upande mmoja ulitaka chama kiwadaie wachimbaji wadogo leseni mwaka huohuo, ukamsimamisha mjane mmoja muuza dagaa agombee uenyekiti. Upande wa pili ulisema twende taratibu, tuandike barua, tusubiri. Huo ulimsimamisha mzee mwenye duara, yaani shimo la dhahabu alimochimba mume wangu. Mzee hakuwa mtu mbaya. Mwanangu alipougua, gari lake ndilo lililotupeleka hospitali.

Moyoni nilikuwa wa mjane. Kura ni siri, nikajituliza. Siku ya uchaguzi karatasi hazikufika, msimamizi akaamua kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake.

Nikaenda chooni.

Komeo lilikuwa limeng'oka, nikaushika mlango kwa vidole huku nasikia wanahesabu. Kila nilipouvuta, bati lake likalia. Mtu aliyefaulu somo la uraia kidato cha nne, amejificha na nzi. Kisha msimamizi akatangaza hesabu. Mistari ilikuwa imelingana.

"Bado yule mama aliyeingia chooni," mwanamume mmoja akasema.

"Mwacheni amalize," mwingine akajibu. "Chama kimesubiri majibu ya barua miaka yote, kitashindwa kumsubiri yeye?"

Wakacheka. Mume wangu akaja kugonga. "Mama, toka. Watu wanaungua jua."

"Wewe umesimama wapi?"

"Unajua nachimba kwa nani."

"Na mimi nisimame wapi?"

Akagonga tena. "Toka tu."

Nilitoka. Uwanja mzima ukanigeukia.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, mayu," akaitika, akiniita mama kwa Kisukuma, kwa upole ulionitisha kuliko ukali. Nikampita, nikasimama nyuma ya mjane. Sijui kama ule ulikuwa ujasiri. Niliona kwamba upande wa pili ningeogopa vilevile, tena na aibu juu yake. Mjane akashinda kwa mtu mmoja, na kila aliyekuwepo alijua ni nani.

Kesho yake mume wangu alikwenda duarani alfajiri. Nilikaa mlangoni, kila bodaboda ikipunguza mwendo, nainuka kuchungulia. Saa nne asubuhi akarudi.

"Mzee kasema nipumzike."

"Mpaka lini?"

"Hajasema. Wenzangu nao hawakuinua macho."

Hakunilaumu. Aliomba maji, akaketi, akaosha buti zake za kazi mpaka kwenye nyayo, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akaziegemeza ukutani zikauke.