Nyimbo Nilizozificha Nyuma ya Ukurasa

Mwalimu wetu wa kompyuta alipenda kusema HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni, haina uchawi. Ukifungua tegi, uifunge; kichwa cha habari kina tegi yake, aya ina yake, basi. Alikuwa kijana wa kuja, amepanga chumba karibu na bandari, na wanafunzi wake karibu wote walikuwa makarani wa kutoa mizigo. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mungu amsamehe kijana yule, maana mimi bado.

Nilikuwa nakaa Magomeni ya huku kusini, si ile ya Dar, kwa shangazi yangu, ambaye ni kungwi. Wasichana wa mtaa mzima amewacheza unyago yeye, na mama zao pia. Mwaka ule kifua kilimbana vibaya, akaanza kuogopa kufa na nyimbo zake. Mabinti zake wako Dar na hawataki kusikia mambo hayo. Mimi aliniambia wazi kwamba sauti yangu ni ya kufukuzia kuku. Na kuandika kwenye karatasi alikataa, kwa sababu karatasi husomwa na yeyote anayeiokota.

Wakati huo nilikuwa nakitengenezea kikundi cha ngoma cha shangazi ukurasa wa mtandaoni, wenye picha yao wakiwa na sare na namba ya simu ya watu wa harusi kupigia. Siku moja mwalimu akatufundisha alama za kuficha: maneno ukiyaweka kati ya alama hizo, kompyuta huyaruka, msomaji hayaoni. Nikamsimulia shangazi kwa mzaha tu. Hakucheka. Akataka kujua kama hata mwanamume hayaoni. Nilirudi kumuuliza mwalimu, akasema haoni mtu.

Basi, alasiri baada ya alasiri, mlango tumefunga, shangazi aliimba kwa sauti ya chini nami nikichapa. Nilichapa na maana zake, zile ambazo asiyechezwa hazisikii. Mtu akibisha hodi nilishtuka. Kungwi aliyetoa siri nje hapigwi wala hatukanwi; anaachwa tu, na shangazi bila ukungwi sijui angekuwa nani.

Ukurasa ulipokwisha kuwekwa mtandaoni, mwalimu akasema leo tunajifunza kutazama nyuma ya kurasa za watu. Akachagua wangu, tena kwa kuusifu. Akabofya, na vyote nilivyoandika vikajaa ukutani kwa mwanga wa projekta: tegi, namba ya simu, na chini yake nyimbo, na maana zake. Alama zile hazikuwa zimeficha kitu kwa anayejua kubofya. Karani mmoja akausoma mstari wa kwanza kwa sauti, akaangua kicheko. Mwingine, mtu mzima wa Kimakonde, aliinamisha uso, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Yule aliyetoka ndiye aliyenitia hofu, maana alijua amesoma nini. Nikang'oa waya wa projekta ukutani, na mwalimu akaniuliza eti kuna tatizo gani. Nusura nimzabe kibao.

Nilizifuta nyimbo palepale kabla sijaondoka. Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa ameshaambiwa.

"Na waliosoma, mwanangu, huwezi kuwafuta?"

Nikamwambia siwezi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kuanzia siku ile wanawake waliokuwa wakiingia kwetu bila hodi wakawa wanasalimia kutokea barabarani, wanapita.

Shule zilipofungwa, ikafika siku ya kuwatoa wali, wasichana waliochezwa mwaka ule. Tangu asubuhi shangazi alikuwa amevaa kanga mpya, ameketi mkekani mlangoni, kwa kuwa kila mwaka ngoma humpitia yeye kwanza. Nikazisikia zikilia mtaa wa pili, na sauti ya kungwi mwingine, aliyeletwa kutoka Mikindani, ikianzisha wimbo. Shangazi naye alikuwa anasikia, masikio yake ni mazima. Ngoma zikasogea, zikafika kwenye kona yetu, zikashika njia nyingine.

Akaiweka kanga yake vizuri begani.

"Mwaka huu wamechelewa," akasema.

Nikamjibu ndiyo, shangazi, wamechelewa.