Sentimita Nne za Mlango wa Bibi

Sijawahi kuwa mtu wa subira, na ile programu ya kuchorea kwa kompyuta ilinijua kabla sijaijua. Chuoni kwetu Tabora kompyuta zilikuwa chache, tukipeana zamu za saa moja moja. Ukikaa tu, kuna mtu mgongoni anapumua akisubiri uinuke. Mguu wangu haukutulia chini ya meza. Nikivuta mstari, unakimbilia kusikotakiwa. Nikifuta kidogo, unaondoka na ukuta mzima. Nilikuwa nasonya mpaka mwalimu ananitazama.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kupima mlango wa kweli na kuuchora. Nikachagua wa bibi yangu mzaa baba, pale Gongoni, maana fremu yake ililiwa na mchwa na baba alikuwa anajiandaa kuibadilisha. Baba ni seremala. Darini kwenye karakana yake alikuwa na ubao wa mninga alioukausha miaka na miaka, hataki mtu auguse, wa mlango wa mama yake.

Baba hapimi kwa futi. Kwenye nyumba za zamani anachukua fito mbili, anazikata ziingie sawasawa kwenye uwazi wa mlango, mmoja wa juu na mmoja wa chini, anarudi nazo begani. Mimi nikiona ni ushamba mtupu. Nikaenda kwa bibi na futi yangu ya kuvuta: chini sentimita tisini na nane, juu tisini na nne. Ukuta wa udongo ulikuwa umelala kidogo, nyumba ya siku nyingi.

Sasa ule upande uliolala ukanishinda kuuchora. Nilikuwa nimewasha kitufe cha kunyoosha mistari, kila nikiulaza unasimama wima. Kukizima sikujua, kuuliza nikaona aibu. Aliyekuwa nyuma yangu akanikumbusha kuwa zimebaki dakika tano. Potelea mbali, nikaandika tisini na nane juu na chini. Mlango ukanyooka, ukapendeza kweli. Mwalimu akausifu kwa unadhifu.

Baba akaomba nakala ya kukatia fremu. Akaibandika ukutani karakanani, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa kazi ya binti yake. Nilipaswa kusema siku ile. Nikajiambia sentimita nne ni kitu gani, nikaondoka zangu.

Siku ya kupachika fremu tulikuwa wote kwa bibi. Baba alikuwa amechonga maua mawili kwenye ubao wa juu, moja kila pembe, na bibi aliyapapasa kwa vidole kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Fremu ikainuliwa. Chini ikaingia, juu ikakataa. Ikasukumwa, ikakataa tena. Ukuta ule hauchongeki, ukiuparua unamwagika wote. Nikamwambia baba ukweli palepale, mbele ya mama yake. Hakunifokea. Akachukua msumeno, akakata pembe moja ya ubao wa juu ili aunge upya, na ua la upande ule likaanguka mchangani.

Bibi akauliza kimeanguka nini.

Tuliporudi karakanani nikawa namsaidia kupanga vifaa, siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nyuma ya mlango nikakuta fito mbili mpya zimefungwa kwa kamba, mmoja mfupi kuliko mwenzake. Nikazishika muda mrefu kabla ya kumuuliza kama ni za kwa bibi.

"Ni za kwa bibi, mama," akasema, huku anafuta msumeno. "Nilipima kabla sijakata. Niliona ufito wa juu haulingani na mchoro wako. Nikasema mimi nimezeeka, wewe ndiye uliyesoma."