Mashabiki wangu wamekuja na ndoo za kahawa

Leo nimepata mashabiki kwa mara ya kwanza, na wote wamekuja na ndoo.

Mnajua natunga roki, ile ya kwangu mwenyewe. Kila mwezi natoa albamu hapa kijijini Ruanda, na msikilizaji ni mke wangu tu, tena kwa kulazimishwa.

Hii mpya niliirekodi kwenye mashine ya kumenya kahawa ya kijiji, kabla haijaharibika. Mashine inanguruma mwanzo mpaka mwisho, gitaa linaingia baadaye.

Asubuhi nikatoa spika nje, nikafungulia sauti yote.

Jamani! Watu wakamiminika uani na kahawa mbivu, wakapanga foleni.

"Shikamoo, shangazi," nikamwambia Shangazi Hyasinta, aliyetangulia. "Huu ni muziki."

"Marahaba. Mashine mmeitengeneza lini?"

Nikamwonyesha spika. Akaizunguka, anatafuta pa kumwagia kahawa.

Nikawaomba wasikilize kidogo tu. Wakakaa kando ya ndoo zao, kimya kama wako kanisani. Nusura nilie.

Ndipo gitaa langu likaingia.

Shangazi akasimama, akajitwisha ndoo.

"Haya, twendeni. Imeharibika tena."

Basi albamu nimeipa jina hilohilo. Nani nimtumie?